Mtama wa Mwalimu Pazi

Watu wa Mkuza wakikwambia kwamba mume wangu alikuwa mpole, waambie waje waniulize mimi Maulida niliyeishi naye. Pazi hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa ule wa kimya, ambao ndio unaudhi zaidi, maana unasema weee mpaka koo linakauka, yeye anakujibu, "Sawa, mama," kisha anakwenda kufanya lile lile ulilomkataza. Shamba la shule alilianza hivyo hivyo. Nilimwambia, wewe Pazi ni mwalimu wa hesabu, una presha, jembe la nini? Akasema, "Sawa, mama." Jumatatu yake akatoka na jembe begani, na viatu vyangu vya mvua miguuni.

Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, wa kule Mzenga, mtoto wa watu wa bondeni. Baba yake alilima mpunga chini na mihogo juu, na Pazi utotoni aliamia ndege mpaka akaota sugu kiganjani kwa kamba ya teo la kurushia mawe. Alikuwa anapenda kusimulia hayo, nami nilikuwa nimeyasikia mpaka basi. Alipomaliza chuo cha ualimu wakampanga Kibaha, akaja, akanioa, tukajenga Mkuza nyumba ambayo bati lake lilichelewa kuliko watoto. Hakuwahi kuhama. Shule yake ilikuwa nyuma ya Misugusugu, kule viwanja vinakoishia na pori linakoanzia, kwa hiyo darasani kwake walikaa watoto wa maofisa wanaoshinda Dar na watoto wa wafugaji wanaoshinda na ng'ombe, dawati moja.

Lililomuudhi lilikuwa dogo tu. Siku moja aliuliza darasani wali unatoka wapi, na mtoto mmoja, tena mwenye akili, akajibu, "Kwa Mangi." Akiwa na maana ya duka la pembeni. Darasa zima likaona ni jibu sahihi. Mimi aliponihadithia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka, na chakula chake alikiacha nusu.

Basi akawaagiza watoto kila mmoja aende kwao, aulize bibi na babu wanakula nini huko walikotoka, alete konzi moja ya mbegu. Elinipa, ambaye wazazi wake ni watu wa Machame, alileta ulezi. Silas wa Dodoma alileta uwele ambao shangazi yake aliutuma kwa basi. Watoto wetu wa Kizaramo walileta mpunga. Na Kwandu alileta mtama mwekundu, umefungwa kwenye pindo la khanga ya mama yake.

Huyu Kwandu alikuwa mtoto wa Magembe, Msukuma mmoja mfugaji aliyekaa porini nyuma ya shule. Mtoto alikaa dawati la mwisho na alikuwa hasemi. Wenzake walikuwa wakiziba pua akipita, eti ananuka maziwa. Watoto nao, Mungu awasamehe, wana ukatili usiofundishwa na mtu. Pazi aliupokea ule mtama mbele ya darasa zima, akaumimina kwenye kiganja, akasema bibi yake mwenyewe alikuwa anausaga huo huo, na kwamba asiyekula mtama hajashiba bado. Tangu siku ile yule mtoto alianza kuinua kichwa.

Wakalima. Kila nafaka ikapewa tuta lake, mpunga ukachimbiwa jaruba karibu na bomba ili unywe maji ya kunawia mikono. Masika ile mvua ilikuwa nzuri. Mtama ulipotoa masuke ndege walishuka kama waliopigiwa simu, na hapo ndipo mume wangu alipokuwa mtoto tena. Akawapanga watoto zamu za kuamia, wengine na madebe, wengine na makopo yenye kokoto, na yeye mwenyewe akawasukia teo za katani akawafundisha kurusha. Kwandu, yule asiyesema, ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. Akipiga ukelele wake ndege wanaondoka, na sisi tuliokwenda sokoni Misugusugu tunasikia. Nilikwenda kuwaona siku moja nikamkuta Pazi amesimama juu ya kichuguu, tai shingoni, anafukuza ndege. Nikamwambia, mwalimu mzima! Akacheka. Sijui kama niliwahi kumwona na furaha ile, hata siku ya ndoa yetu, na mimi nilipendeza siku ile, usiseme.

Sasa nikueleze habari za Magembe, maana bila yeye hakuna hadithi.

Wazaramo na Wasukuma ni watani, hilo halihitaji mwalimu. Siku ya kwanza Magembe alipokuja shuleni kuuliza kwa nini mtoto wake anarudi na udongo kwenye sare, Pazi alimtazama akamwambia, "Kumbe Msukuma naye anajua kwamba udongo ni uchafu?" Mwalimu mkuu akashtuka, akadhani ni ugomvi. Magembe akajibu, "Mzaramo ameshika jembe! Niitieni watu waje waone kabla hajalitupa." Wakashikana mikono, wakacheka mpaka machozi. Tangu hapo hawakuachana. Magembe akija kwetu Mkuza haniulizi hali, ananiuliza, "Shemeji, huyu mvivu yupo?" Pazi akienda kwao anamwamkia mke wa Magembe kwa Kisukuma kilichovunjika makusudi, yule mama anajificha kwa khanga yake kwa kucheka. Mmoja akiumwa, mwingine anakwenda kumwambia afe haraka tule ubwabwa. Kwa asiyejua, angewapeleka polisi.

Ila katikati ya utani ule palikuwa na jambo moja zito, na wote watatu tulilijua. Ndugu zake Magembe walikuwa wameshahamishia mifugo Rufiji, malisho ya huku yamekwisha, viwanja vinapimwa kila kukicha. Walimtaka na yeye ahame. Magembe aliwapa ng'ombe wake wote waende nao, akabakiza mmoja tu wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe usoni, kwa sababu ya Kwandu. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakimlisha mama na mtoto na kumnunulia daftari. "Huyu akinifia," alisema siku moja pale kwangu barazani, na siku hiyo hakutania, "sina la kufanya huku. Nitawachukua niwafuate wenzangu, na kule wanakokaa shule haionekani hata ukipanda mti." Pazi akamwambia mtoto yule atamaliza darasa la saba kwa heri, na akifaulu, sekondari atasoma akitokea kwetu. Alilisema kama mtu anayeapa.

Walivuna. Wakapura, wakapepeta, wakala uji wa ulezi na ugali wa mtama siku ya wazazi. Watoto wa maofisa wakakunja sura mwanzoni, halafu wakarudia. Kwandu ndiye aliyesimama akaeleza mtama unavyopandwa kwao Shinyanga, mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga, alieleza kama alivyofundishwa na baba yake usiku kucha. Magembe alikaa nyuma kabisa, kofia magotini. Hakumtania mtu siku hiyo.

Baada ya mavuno mabua yalibaki shambani. Mtama una tabia ya kuchipua tena kwenye shina ukikatwa, na Pazi aliyaacha makusudi ili watoto waone. Vuli ile mvua ikagoma. Nyasi zikageuka majivu, pori lote likawa rangi ya gunia, na kijani pekee kilichobaki kilikuwa pale shuleni, machipukizi ya mtama, mafupi, yanaishi kwa maji ya kunawia mikono.

Siku moja nilikwenda shuleni kuchukua ufunguo. Magembe alikuwa anapita na yule ng'ombe wake, amekonda, mbavu unazihesabu. Akasimama kwenye ua, akayatazama yale majani.

"Mtani," akasema, "hayo majani yako umeyaacha ili uniulie ng'ombe?"

"Ndiyo," akasema Pazi. "Nimechoka kula dagaa."

"Nakwambia akila hayo hafiki jioni."

"Basi mlete kesho asubuhi, mchana tunywe supu. Shemeji yako alete ndizi."

Nami nikasema ndizi ninazo. Magembe alikuwa anacheka, Pazi anacheka, wakagonga mikono, ng'ombe akavutwa akaondoka. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna zaidi ya hapo.

Wewe unayesikia labda wewe ni wa kanda ya ziwa, umeshashika kichwa. Sisi hatukujua. Mzaramo ng'ombe anamjua kwenye sinia. Kule Kisarawe mbung'o hawakuwaacha wazee wetu wafuge, tuna kuku, tuna mbuzi wawili watatu wa shughuli, basi. Mtama tulikuwa tunaujua tangu kwa bibi zetu, kuupanda, kuuamia, kuusaga. Kwamba yale machipukizi yake yakipigwa na ukame yanakuwa sumu kwa ng'ombe, nani angetwambia, wakati hatukuwa na ng'ombe wa kumuua? Aliyejua alitwambia. Lakini alitwambia kwa mdomo ule ule ambao wiki iliyopita ulikuwa umetwambia kwamba Wazaramo huzaliwa na ngoma kiunoni.

Wiki ile ile Magembe alisafiri kwenda Rufiji kuwaona ndugu zake. Kwandu akamfuata mwalimu wake mchana baada ya masomo. Akasema, "Mwalimu, nyasi nyumbani zimekwisha kabisa, ng'ombe jana hakutoa maziwa. Naomba yale majani ya mtama wangu." Alisema hivyo, wangu, kwa sababu mbegu ilikuwa yake. Na Kwandu naye hakujua. Angejulia wapi? Alizaliwa huku Pwani, ng'ombe aliwaona wakila nyasi za porini, mtama wa kwanza kuuona ukiota ni ule wa shule.

Pazi alifurahi, jamani. Alirudi nyumbani ananihadithia. Alishika panga mwenyewe, akakata yote, akafunga mzigo kwa kamba ya katani, akamtwisha mtoto kichwani. Akawaambia waliobaki, mnaona, shamba halimtupi mtu, mlikula ninyi na sasa anakula ng'ombe, na ng'ombe atampa mwenzenu maziwa. Alikuwa anavua viatu mlangoni akinieleza hayo, kiatu kimoja bado mguuni, ndipo simu ilipolia.

Alikuwa mama yake Kwandu. Alikuwa ametoka kuchota maji akakuta mzigo umekwishaliwa. Hakuweza kusema Kiswahili kwa kilio, alisema tu, "Mwalimu, njoo."

Tulikwenda na bodaboda. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, povu mdomoni, miguu inapiga chini, anavuta pumzi kama mtu anayezama. Wafugaji wawili wa jirani walikuwa wamefika, wakatazama yale mabaki ya majani chini, wakatazamana. Mmoja akatingisha kichwa. Ng'ombe akatulia tukiwa tumesimama. Kwandu alikuwa amekaa karibu na kichwa chake, ile kamba ya katani bado mkononi, na uso wake sitaki kuuzungumzia.

Pazi alipiga magoti kwenye vumbi akasema, "Mwanangu, si wewe. Ni mimi. Umenisikia? Ni mimi niliyekata." Sikumsikia mtoto yule akisema tena mpaka wanaondoka.

Magembe alirudi kesho yake. Nilijiandaa kwa matusi, na laiti angetukana. Alimkuta Pazi amekaa nje ya boma tangu alfajiri anamsubiri. Akampa mkono. Akasema, "Pole, mwalimu. Ni kazi ya Mungu."

Pazi akasema, "Mtani, nisamehe."

"Hakuna neno, mwalimu."

Mume wangu alitaka akope amnunulie ng'ombe mwingine. Magembe akasema, "Usijisumbue, mwalimu." Pazi akaomba basi Kwandu abaki kwetu Mkuza, alale na binti zetu, amalize shule. Nami niliomba, nilimpigia mama yake magoti kabisa, mimi ambaye huwa sipigi magoti hovyo. Yule mama akasema mtoto wa kike haachwi ugenini, na hasa mtoto ambaye hali wala hasemi, atamwacha na nani? Nilikuwa na hasira naye wakati ule. Sasa nikiwaza, na mimi nisingemwacha wangu.

Wakaondoka. Walipanda lori la magunia pale barabarani Misugusugu, vyombo vyao ni sufuria na ndoo na godoro moja. Pazi alimpa Kwandu begi la daftari na vitabu vyote vya darasa la saba, vipya. Kwandu alivipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akapanda, akatazama upande mwingine. Magembe akapungia mkono. "Kwa heri, mwalimu. Asante kwa yote."

Shamba Pazi aliling'oa. Aling'oa kwa mikono, mpaka visiki, na hakupanda tena kitu. Mwalimu mkuu alimbembeleza, watoto walimbembeleza, Elinipa alikuja na mama yake hadi nyumbani na mfuko wa ulezi. "Sawa," akasema, na shambani hakwenda. Pale kwenye jaruba pakaota magugu, baadaye wakajenga choo. Alifundisha hesabu zake, alirudi, alikula, alilala. Mtu akimwuliza habari za kilimo anasema hajui kilimo.

Alichokuwa anakitaka kilikuwa kimoja tu, na alinisumbua nacho mpaka nikawa nakiogopa. Alitaka Magembe amtanie. Kila baada ya muda alikuwa anampigia simu. Anakohoa kwanza, anajiweka sawa, kisha anaanza, "Wewe Msukuma, bado hujafa?" Kule upande wa pili nasikia, "Habari za siku, mwalimu. Sisi hatujambo. Mwalimu hujambo?" Wanaulizana mvua, wanaagana. Pazi anaweka simu mezani kwa utaratibu.

"Kaniita mwalimu tena."

"Kwani wewe si mwalimu?" nilimjibu siku moja, nimechoka. "Ulitaka akuite nani, sheikh?"

"Maulida, mtani akikuheshimu ujue amekufuta."

"Kakuambia amekufuta?"

"Hawezi kuniambia. Ameshaacha kuniambia vitu."

Nilimwambia aende Rufiji basi, akamwone uso kwa uso, yaishe. "Sawa, mama," akasema. Hii ndiyo "sawa" pekee ya maisha yake aliyonitii, akafunga safari, akafika mpaka njia panda ya kwao, akageuka. Alisema alimwona kwa mbali msichana amebeba kuni, hakujua kama ni Kwandu, akashindwa kupiga hatua. Alirudi na vumbi lake akakaa kitandani bila kuvua shati. Nilimgombeza, ndiyo, nilimgombeza sana, nauli yote ile! Kisha nikakaa karibu yake nikamshika mkono.

Mwaka huu presha ilimpiga akiwa ubaoni. Tulimpeleka hospitali ya Tumbi, upande mmoja wa mwili ukawa umekwenda, mdomo umepinda. Madaktari walihangaika naye. Siku za kwanza alikuwa akijitahidi kutamka, baadaye hakuweza. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, nikiwa nampangusa uso.

Tulimrudisha Kisarawe, Mzenga kwao, azikwe na baba zake. Sijui nani alimpigia Magembe simu. Mimi nilikuwa ndani, nimeshatengwa na wanawake wenzangu, eda ndiyo imeanza, ninachosikia ni sauti tu za nje. Nikasikia pikipiki. Nikasikia watu wamenyamaza. Jeneza lilikuwa ndiyo linataka kutolewa, sheikh ameshasema bismillahi, ndipo nikasikia kishindo mlangoni, kama gunia limetupwa.

"Hatoki mtu!"

Niliijua sauti. Wanawake wakachungulia, wakaniambia amelala chali kizingitini, suruali ya vumbi, mikono ameikunja kifuani.

"Huyu Mzaramo hatoki hapa," akapaza sauti. "Ana ng'ombe wangu tumboni! Mwende mkazike ng'ombe wa Msukuma bila kibali? Hata huko anakokwenda atafika anawaambia malaika eti kilimo anakijua!"

Nje pakalipuka kicheko. Halidi, mdogo wake Pazi, akamwomba apishe, akakataa. Wakamletea kuku wa fidia, kama mila ya watani inavyotaka, akasema kuku ni mdogo wake nani, yeye alipoteza ng'ombe. Wakamwongezea kuku wa pili. Sheikh akakohoa lakini hata yeye nasikia alikuwa ameinamisha uso kwa kucheka. Mwishowe Magembe akainuka, akashika upande mmoja wa jeneza, na njia nzima mpaka makaburini alikuwa akimtukana maiti kwa uvivu wa kutembea, anataka kubebwa kama bibi harusi.

Nami nilikuwa nimelala kwenye mkeka nalia kwa sauti. Wanawake walidhani nalilia mume. Nilikuwa nalilia kwamba ametaniwa, na hasikii.

Watu waliporudi kutoka kuzika wakakaa barazani kula. Mimi nikasikia mtu nyuma ya nyumba, chini ya dirisha langu, analia. Mwanamume akilia kwa kujizuia anatoa sauti mbaya. Nikasogea dirishani nikaona kofia.

"Wewe," nikamwambia. "Mtani halii. Unatuvunjia mila."

Akajifuta kwa mkono wa shati. "Shemeji, pole."

"Kwandu yuko wapi?"

"Kaolewa, shemeji. Ng'ambo ya mto. Mpaka leo mtama haugusi."

Nikashindwa kujizuia. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Nikamwambia, "Umemwita mwalimu, mwalimu, mwalimu, miaka yote hii. Kosa lake lilikuwa kubwa kiasi hicho?"

Aliinua uso akanitazama kama mtu niliyempiga kofi.

"Kosa lake? Yeye kosa gani, shemeji? Mimi ndiye niliyejua. Nilijua majani yale yanaua, baba yangu alinichapa kwa sababu ya majani yale yale nikiwa mdogo. Badala ya kumshika mtu mkono nimwambie mwalimu, sikiliza, hii ni sumu, nikamwambia huku nacheka. Akakata kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mtoto. Nilisema huyu mtu ana haki ya kunichukia. Akinipigia simu akaanza utani, nasema ananivumilia tu, ana moyo. Nikaona haya. Ningeanzia wapi kumtania?"

Nilishika nondo za dirisha. Akauliza, taratibu sana, "Alikuwa ananitaja?"

Nilimtazama, mvi zimemjaa, kuku wawili wa msiba wamefungwa miguu pale pembeni yake. Ningesema kweli, asingefika Rufiji.

"Akutaje wewe kwa lipi?" nikasema. "Msukuma gani anayetajwa nyumbani kwangu?"

Akacheka. Alicheka na machozi yanamtoka, akatingisha kichwa, akasema, "Shemeji, wewe!" Akabeba kuku wake akaondoka.

Nikafunga dirisha. Pazi alimtaja kila siku ya Mungu. Tumbi, aliposhindwa kusema, alikuwa akinyoosha kidole kwenye simu, nampigia, haipatikani, ananyoosha tena.